Mama Nembo na Nukta

Mtaani walimwita Mama Nembo, ingawa hakuwa na mtoto. Kazi yake ilikuwa kudarizi nembo kwenye sare: mashati ya shule, makoti ya wauguzi, kofia za walinzi. Chumba chake cha kazi kilikuwa chembamba, kimebanwa kati ya duka la viatu na saluni. Walikianzisha wawili, yeye na mdogo wake. Yeye alichora kwenye kompyuta, mdogo wake alisimamia mashine, na kutwa nzima walicheka mpaka watu wa saluni wakawa wanawagongea ukuta. Kisha mdogo mtu akaolewa, akamfuata mume nchi ya mbali. Mwanzoni alipiga simu kila jioni. Baadaye zikawa zinakuja salamu za picha tu, maua na "Asubuhi njema", zile zinazotumwa kwa watu wote kwa mpigo mmoja.

Kompyuta nayo ikamsusa. Programu ya kuchorea nembo ilikuwa ya wizi, kama za wengi, na asubuhi moja ilijifunga ikadai namba ya siri ambayo hakuna aliyewahi kuwa nayo. Virusi vikamalizia kilichobaki. Fundi wa kompyuta alikuja, akajikuna kichwa, akafuta kila kitu, akaweka Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, pamoja na programu huria ya kudarizi.

"Huria ndiyo nini?" Mama Nembo aliuliza.

"Ni ya watu wote. Wameitengeneza watu wa huku na huko, wanaitoa bure, na ukiona kasoro una ruhusa ya kuirekebisha. Hakuna wizi tena, dada. Ila ukikwama usinipigie. Mimi mwenyewe naijua juujuu."

Basi akakwama peke yake. Wadarizi wenzake alipowauliza walimcheka: "Rudi huku tuliko, acha ubishi." Hakurudi. Nembo ya kwanza ilitoka imepinda kama mdomo wa mtu anayesinzia. Ya pili ilikata uzi katikati. Aliharibu vitambaa vingi, akajisemesha sana, na pole pole programu ikamkubali, au yeye akaikubali.

Siku moja aligundua kwamba ndani yake kuna Kiswahili. Akakiwasha, akasoma kwenye skrini: *Urefu wa kichomi*. Aliyetafsiri alikuwa amekutana na neno la Kiingereza, stitch, lenye maana mbili, akaiacha ya sindano akachukua ile ya maumivu ya ubavu. Mama Nembo alicheka mpaka machozi yakamtoka, akageuka kumwonyesha mdogo wake. Nyuma yake palikuwa na marobota ya vitambaa tu.

Akatafuta kwenye intaneti ukurasa wa watafsiri, akaandika: "Kichomi ni ugonjwa. Sisi mafundi tunaita stichi."

Kesho yake alikuta jibu kutoka kwa mtu aliyejiita Nukta. "Kosa ni langu, na naona haya. Sijawahi kushika sindano. Lakini stichi, mwanangu? Kiswahili kimefilisika lini? Tuweke mshono."

"Mshono ni safari nzima, mzee. Stichi ni hatua moja."

"Hapo umenishinda. Kwa leo tu."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Nukta alijua maneno, Mama Nembo alijua vitu. Nukta akiuliza kile kibao cha duara kinachobana kitambaa kinaitwaje, Mama Nembo anamjibu, na hapohapo wanabishana. Nukta alikuwa msahihishaji wa gazeti kabla ya kustaafu, mkewe ametangulia mbele ya haki, watoto kila mmoja na nyumba yake. Aliandika kwa ulimi mtamu, sentensi ndefu zilizotulia, zenye utani ndani yake kama njugu kwenye kashata. Watafsiri wa Kiswahili walikuwa hao wawili tu. Mama Nembo akaanza kufungua duka mapema, asome kwanza alichoandikiwa ndipo awashe mashine.

Mchana mmoja wa mvua walikuwa wakiandikiana, na Nukta akaandika: "Ngoja nikuage, ngurumo hizi zitatukatia umeme." Mama Nembo alipomaliza kusoma tu, taa ikazimika, saluni wakapiga kelele ukutani, mtaa mzima ukanyamaza. Alikaa gizani akiyarudia maneno ya Nukta. Ngurumo ilikuwa moja. Umeme ulikuwa mmoja.

Uliporudi alimtajia mtaa wake, akaandika: "Mzee, kumbe tuko mji mmoja! Pita dukani, niko kati ya viatu na saluni. Njoo uone stichi kwa macho yako."

Jibu lilichelewa kuliko kawaida. "Nitapita," aliandika, "nikijaliwa."

Kuanzia hapo kila mzee aliyesogelea mlango alimfanya ainue kichwa. Mmoja alikuwa anauliza njia. Mwingine alijikinga jua. Siku zikapita, kazi ikazidi, akaacha kuangalia.

Kisha ikaja oda ya makoti ya hospitali, ya haraka, na aliyeitoa, mama mmoja wa makamo, alisimama juu ya kichwa chake akitazama saa. Uzi ulikuwa unakatika kila mara. Mzee mwembamba, shati limenyooshwa vizuri, akasimama mlangoni.

"Shikamoo mzee, karibu. Nembo ya shule au ya chama?"

Mzee alitikisa kichwa. Akafungua kinywa, shingo ikakakamaa. "Mi... mi-mimi nu... nu-nu..."

"Nusu bei?" Mama Nembo alisema, macho kwenye sindano. "Mzee wangu, hapa nusu bei haipo. Jaribu kule mwisho wa barabara."

Mama wa makoti akaangua kicheko. Mzee akatabasamu kidogo, akaitazama mashine ilivyokuwa inapigapiga, akainua mkono kuaga, akaondoka.

Jioni, alipofungua ukurasa, alikuta mstari mmoja. "Nilipita leo. Una kazi nyingi, hongera. Mashine ni nzuri kuliko nilivyodhani."

Alitoka mbio mpaka barabarani, kana kwamba mtu aliyeondoka tangu asubuhi angekuwa bado amesimama pale. Akamuuliza muuza viatu kama anamjua mzee mwenye kigugumizi.

"Wazee wanapita wengi. Kakuibia?"

"Hapana."

"Sasa unamtafutia nini?"

Akarudi ndani, akaandika, akafuta, akaandika tena: "Mzee wangu, nisamehe. Sikukujua. Rudi, nitazima mashine tukae." Nukta hakujibu. Wala hakuacha kazi. Asubuhi Mama Nembo alikuta maneno mapya yametafsiriwa, safi, bila utani, bila swali, kama sahani zilizooshwa na mtu usiyemwona. Yeye akayapitia, akayakubali yote. Hata yale ambayo zamani wangeyabishania aliyapitisha, maana hakuwa na wa kubishana naye.

Tafsiri ikakamilika. Toleo jipya lilipotoka, Kiswahili kilikuwa kimejaa tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na kwenye orodha ya waliochangia waliandikwa wawili, Mama Nembo na Nukta, jina juu ya jina. Aliipiga picha akamtumia mdogo wake. Mdogo wake alimjibu kwa picha ya kidole gumba.

Kazi ilikuwa imekwisha, ukurasa hauhitaji kitu. Hata hivyo aliendelea kuandika humo, mambo madogo tu: mashine imetiwa mafuta, walinzi wamebadilisha rangi ya kofia. Alikuwa kama anayezungumza na kisima. Siku moja, kwa haraka, aliandika "tafadhari". Kabla hajainuka jibu likaingia.

"Tafadhali. Kwa L."

Ni hayo tu. Aliyasoma tena na tena. Akaandika asante, akangoja, hapakuja kitu kingine.

Tangu siku hiyo hukosea kwa makusudi, kosa moja kila anapoandika, analificha lisionekane limetegwa. Mengine Nukta huyasahihisha, mengine huyaacha, na Mama Nembo hajui kama hajayaona au ameshamgundua. Juzi aliandika kwamba mvua imenyesha kila mahari. Bado anasubiri.