Kofia kwa Mgeni

Dwight Hrynkiw ni shemeji yangu, kamuoa mdogo wangu, na ndiye meneja wa timu yetu ya hoki ya barafuni hapa Saskatchewan. Akili hana. Mwenye akili hambadilishi Kolby kwa Sandquist.

Kolby alikaa kwangu misimu miwili, kama vijana wote wanaotoka mbali kuja kuuchezea mji wetu wanavyokaa kwa wenyeji: nampa kitanda, namlisha, namfokea asipofua soksi. Januari Dwight akampeleka kwa mahasimu wetu wa ng'ambo ya mto, akachukua Sandquist, mshambuliaji mzoefu, eti tunyakue kombe mwaka huu huu. Kumbe goti la Sandquist bovu. Alicheza mechi chache, kisha akawa wa kukaa benchi na kupaka dawa. Na aliletwa kukaa wapi? Kwangu, kitanda kile kile!

Siku ya kuondoka Kolby aliniuliza mlangoni, "Mama, wewe ulijua?"

"Sikujua, mwanangu."

"Utakosaje kujua? Shemeji yako ndiye kaniuza." Akaingia garini bila kuniaga. Hakuniamini, na hilo lilinichoma kuliko kombe lenyewe.

Machi tukakutana nao uwanjani kwetu, atakayefungwa anatolewa. Dwight alikaa ubavuni kwangu. Kolby akafunga la kwanza, akafunga la pili.

"Bahati tu hiyo," Dwight akasema.

"Mbona Sandquist wako hana bahati?"

"Shemeji, niache nitazame."

"Tazama vizuri. Tamaa mbele, mauti nyuma."

Kisha akafunga na la tatu. Kwetu mchezaji akifunga matatu watu huvua kofia na kuzitupa barafuni, lakini awe wa kwetu. Mgeni hatupiwi hata kitambaa. Nikasimama, nikairusha yangu juu ya kioo kinachozunguka uwanja, ikaangukia barafuni. Majirani zangu wakanizomea.

"Marlys, umerogwa?" Dwight akafoka. "Huyo adui!"

"Adui umemtengeneza wewe!" Nikamvua na yake, yenye nembo ya timu, nikaitupa vilevile.

Kolby akageuka, akatafuta kwa macho mpaka akaniona. Akaokota kofia yangu, akaipachika juu ya helmeti. Ya Dwight akaikanyaga kwa viatu vyake vya kutelezea, vyenye makali ya chuma, akaenda kushangilia na wenzake.