Bandari ya Honkaperä

Marketta Hyry alikuwa ofisa maendeleo wa Honkaperä, mji mdogo wa kaskazini ambao tangu kiwanda cha mbao kifungwe ulikuwa ukipungua watu kila mwaka. Vuli ile madiwani walimkabidhi kazi nzito: aandike mpango wa uchumi na utalii, wageni waje, vijana waache kuhama. Akapeleka fomu nyumba kwa nyumba, kila mtu aandike anaona mji wake una nini cha kuonyesha. Zikarudi mia mbili na kumi. Akazifungia kabatini.

Kusema kweli hakuona haja ya kuzisoma. Alijiona anawajua watu wake: watalalamikia barabara, watasifia ziwa, basi. Siku zikamponyoka. Zilipobaki tatu tu kabla ya kikao, alichukua mpango wa mji mmoja wa kusini, akafuta jina la mji ule, akaandika Honkaperä.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Watu walikuwa na kahawa na mikate ya iliki mapajani, theluji ikiyeyuka chini ya viatu vyao. Marketta alisoma vizuri, hata akapigiwa makofi. Ndipo Urho Kinnunen akainuka. Alikuwa mzee wa miaka sabini na minne, na ujana wake wote aliumaliza akisukuma magogo mtoni.

"Naomba kuuliza, binti yangu. Ukurasa wa kumi na tisa. Pameandikwa wageni watashuka bandarini, watakula samaki wa baharini huku wakitazama meli za kale. Bandari ipi hiyo?"

Mtu wa nyuma akacheka.

"Maana bahari iko mwendo wa saa tatu kwa gari," Urho akaendelea taratibu. "Au ilipita hapa nikiwa nimelala?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Marketta alihisi uso wake unawaka moto. Mdomo ukatangulia akili.

"Samahani, Mzee Urho. Hayo ni makosa ya uchapaji. Kurasa zilipangwa ofisini."

Ofisini walikuwa wawili tu: yeye na Sirkka Alatalo, katibu, aliyebakiza miaka miwili astaafu. Sirkka alikuwa ameketi kando ya ukuta akiandika kumbukumbu za kikao. Vichwa vyote vikamgeukia.

"Sirkka, wewe ni mtu makini," meya akasema. "Imekuwaje?"

Sirkka alimtazama Marketta. Kisha akainamia daftari lake. "Nitaangalia," akasema.

Kikao kilipokwisha Marketta alimkimbilia palipotundikwa makoti.

"Sirkka, nilibabaika. Nisamehe."

"Umenisingizia mbele ya ukumbi mzima," Sirkka akajibu akifunga vifungo, "na msamaha unakuja kuniomba hapa kwenye makoti, tukiwa wawili."

Jumamosi asubuhi Marketta alifungua kabati. Mwalimu wa zamani alikuwa amechora ramani ya vinamasi vyenye matunda ya porini. Mwoka mikate alijitolea kufundisha wageni bila malipo. Fomu ya Urho ilikuwa na kurasa nne, herufi zake zimepinda kama za mtu asiyezoea kalamu. Alieleza njia ya kale ya wasukuma magogo na vibanda vyake saba. Vitano alikuwa ameviezeka upya kwa mikono yake. "Viwili magoti yamenikatalia," aliandika. "Nikipata msaidizi, nitawatembeza wageni mwenyewe." Marketta alisoma mpaka ya mwisho, na kila moja ilimpunguza kimo.

Katika kikao kilichofuata aliomba kusema kabla ya mambo mengine. Akaungama yote: amenakili, fomu hakuzisoma, na Sirkka hana kosa hata moja. Hakuna aliyecheka safari hii.

"Yangu umeisoma?" Urho akauliza.

"Jumamosi iliyopita, mzee."

"Mimi niliiandika Septemba," akasema, akakaa.

Hawakumfukuza. Meya alimpa onyo la maandishi, na mpango auandike upya kabla ya barafu ya ziwa kuvunjika. Akazunguka nyumba hadi nyumba. Kwingine alikaribishwa kahawa, kwingine aliambiwa, "Si tulishakuandikia?" na mlango ukafungwa. Urho alimpitisha njia nzima kwa mbao za kutelezea thelujini, kibanda hadi kibanda, akimweleza kila kitu isipokuwa kama amemsamehe.

Mpango mpya ulipitishwa Aprili, wenye njia ya wasukuma magogo na majina ya wote walioandika. Watu wakaanza kumsalimu tena. Lakini Sirkka alikuwa ameomba uhamisho, yuko ofisi ya shule. Wakikutana dukani, Sirkka humwamkia kwa adabu ile ile ya siku zote, na Marketta ndiye anayeshindwa kumtazama usoni.