Suruali ya Kaka na Lenzi ya Pili

Fundi cherehani alibakiwa na nusu saa ya kuamua. Jicho lake la kulia lilikwisha kutolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi ya kawaida, ya kuonea mbali. Sasa alisoma kibao cha duka la ng'ambo ya barabara kama anasoma gazeti, lakini tundu la sindano bila miwani halioni ng'o. Kesho ilikuwa zamu ya jicho la kushoto, na muuguzi alisema angepiga simu saa tisa kuuliza: awekewe ile ile ya kawaida, ila ya kuonea karibu, au ile yenye miduara, inayoona mbali na karibu kwa pamoja? Ikishaingia, kuitoa si mchezo. Na riziki yake yote ilipita kwenye tundu la sindano.

Tangu asubuhi alikuwa akimwomba Mungu amwonyeshe. Mungu akamletea kaka yake.

Kaka alikuwa mzee wa kanisa, mwenye lenzi za miduara macho yote mawili, na tangu awekewe hapakukalika. Aliwasomea watu maandishi ya chupa za dawa bila kuombwa. Siku hiyo alikuja kuteremshiwa pindo la suruali aliyoivaa, nyeusi tii, kwa kuwa saa kumi alikuwa aongoze maombi. Akaivua nyuma ya pazia la kupimia nguo, akajifunga kipande cha kitambaa cha pazia chenye maua makubwa, akatoka na kuketi kama mfalme.

"Chukua ya miduara, dada. Ona." Akainua kibiringo cha uzi kuelekea mlangoni kwenye jua, akasoma herufi zote, hata namba ya kiwandani. Kisha akatunga uzi kwenye sindano mara moja tu.

Fundi akakiri moyoni kwamba hapo kaka amemshinda. Lakini yeye hakushonea mlangoni. Alishonea ndani, chini ya taa moja hafifu, na nguo nyeusi ndizo zilizomtoa jasho.

"Hebu njoo huku ndani, unifumulie pindo lako mwenyewe."

"Mimi? Kazi ni yako!"

"Au macho yameishia mlangoni?"

Hilo lilimchoma. Akanyakua kifumulio, akaivuta suruali mapajani.

"Hii taa yako vipi? Imejizungushia pete."

"Taa yangu haina pete, kaka."

"Basi ni nzuri zaidi kwa macho yangu," alisema, akaanza kufumua.

Fundi akavaa miwani yake. Kwa lile jicho la lenzi ya kawaida, nyuzi nyeusi zilijitokeza juu ya kitambaa cheusi moja moja, kama siafu kwenye mstari. Na aliona waziwazi kwamba kaka ameliacha pindo na kushika mshono wa ndani wa mguu, anapanda nao kuelekea juu.

Angepaswa kusema. Alijua angepaswa kusema. Lakini alitaka jibu la hakika, na jibu lilikuwa linakwenda kwa mwendo mzuri. Lilipofika gotini, akakohoa kidogo. Lilipopita paja, akauma ulimi.

"Unaendeleaje, kaka?"

"Pindo lako refu kweli! Nani alishona hivi?"

"Mimi."

"Uzi umeupoteza bure." Akaikung'uta suruali kwa madaha. Mguu mmoja ukafunguka kuanzia chini hadi kiunoni, ukaning'inia kama bendera.

Kaka akaitazama, akaikimbiza mlangoni kwenye jua, akaitazama tena. Huko aliona vizuri sana.

"Dada! Ulikuwa unaona?"

"Kila uzi."

"Na ukaniacha? Mimi ni wa kuongoza maombi!"

"Mungu anisamehe, nilikuwa nalinganisha lenzi."

Simu ikaita. Fundi akaipokea huku mkono mwingine ukiwa tayari unaiweka suruali chini ya sindano ya cherehani.

"Umeamuaje, mama?" aliuliza muuguzi.

"Ya kawaida, mwanangu, ya kuonea karibu. Ya miduara ni nzuri kwa anayekaa juani. Mimi kazi yangu iko ndani, na ni nyeusi."

"Umepata ushauri kwa mtu?"

"Nimepata. Amesimama hapa mlangoni, amevaa maua."

"Usimwambie habari za suruali!" kaka akapiga kelele, na wapita njia wawili waliokuwa hawajamwona wakageuka.