Saini za Mahudhurio

Jumamosi mchana tuliitwa ukumbini, hapa Haydom, tujadili vikundi vya umoja wetu wa kujitolea. Tunavyo vitatu, vyote vya kusaidia wagonjwa wanaoshuka kwenye mabasi kuja hospitali: cha uji, cha usafi na chetu cha lugha. Sisi wa lugha tunawasemea wale wasiojua Kiswahili, hasa wafugaji wa huko Basotu. Mimi Kidatoga, lugha yao, nilijifunza kwa majirani. Mwenzangu kikundini, Mzee Gidabuday, alizaliwa nacho.

Mlangoni katibu wetu, Loveness, alininyooshea karatasi.

"Mahudhurio, mama Irene. Saini hapa."

Nilisaini jina lote, polepole, maana kuandika nimejua mwaka huu tu, kwenye darasa la jioni, nikiwa na miaka hamsini na mmoja. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Mzee Gidabuday aliweka dole gumba.

Mwenyekiti Sylvester alifungua kwa sala. Tuliposema Amina tu, akatangaza:

"Tumekubaliana kikundi cha lugha kiungane na cha usafi. Kiongozi ni Hilary."

Hilary ni shemeji yake. Kidatoga hajui hata salamu.

"Tumekubaliana lini?" niliuliza.

"Saini zenu hizi hapa."

Niliomba niione hiyo karatasi. Akacheka. "Darasa la jioni hilo! Kesho mama Irene ataomba kiti changu." Ukumbi mzima ukacheka naye.

Niliichukua nikasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Juu ya mahudhurio yetu ilikuwa imebanwa karatasi nyingine: "Sisi tuliotia saini tumeridhia kwa pamoja kuunganisha vikundi." Ilikuwa na tarehe ya Alhamisi, siku mbili kabla hatujakaa.

"Na dole langu limo?" aliuliza Mzee Gidabuday.

"Limo, baba."

"Mimi niliweka kusema nimefika."

Loveness aliangalia viatu vyake.

"Jamani, soda zinapata moto," alisema mwenyekiti. "Anayetaka tuanze upya anyooshe mkono."

Mikono minne, kati ya watu ishirini na sita. Walionililia njiani asubuhi kwamba kikundi kisivunjwe walikuwa wanapokezana kifungulio cha soda. Sala ile ile iliyofungua kikao ilikuwa imefunika uongo, na mimi niliiitikia kwa sauti kubwa.

Nilichukua kalamu nikakata jina langu.

"Nikate na mimi, binti yangu," alisema mzee. Nikamkata.

Haikubadilisha kitu. Jumatatu Hilary alikuwa getini kwa hospitali na kitambulisho kipya shingoni. Basi la Basotu likashusha mama mmoja amebeba mtoto aliyelegea. Hilary akamuuliza kwa Kiswahili. Mama akamtazama. Akamuuliza tena, kwa sauti ya juu zaidi, kama vile mama yule ni kiziwi.

Mzee Gidabuday akasogea.

"Mzee, kikundi chako hakipo," Hilary akamwambia.

Mzee akampita. Alimsalimia yule mama kwa Kidatoga, akainama kumsikiliza. Kisha akanigeukia.

"Anasema mtoto hajakojoa tangu juzi. Kimbia, mama Irene."

Nilikimbia kumwita muuguzi. Njiani nilijaribu kumwombea Sylvester. Sikuweza. Nilimwambia Mungu hivyo hivyo, kwamba bado siwezi.