Feni Iliyosingiziwa

Kila alasiri mshonaji alisumbuliwa na mngurumo sebuleni.

"Mimi kukoroma? Thubutu!" mumewe aliapa. "Ni feni ya kompyuta hiyo."

Leo mshonaji akasema liwalo na liwe. Akaizima kompyuta, akachomoa plagi, akaifungua ubavuni. Kweli, waya wa feni ulikuwa umelegea, ukigusa mapanga yake. Akaufunga pembeni kwa uzi wa vifungo vya makoti, kisha akaiwasha. Kelele ikatulia kama maji ya mtungini.

Mume akamsifu, akajilaza kwenye kochi. Punde si punde: krrr!

Akagutushwa na sauti yake mwenyewe. "Ala! Waya umelegea tena?"

"Umelegea haswa," mkewe akajibu, akitia uzi kwenye sindano. "Hebu funga mdomo, mume wangu, niupige fundo."