Ng'ombe wa Ukutani

Kwenye ukuta wa studio ya Masele, mtaa wa nyuma ya stendi ya Bariadi, ilitundikwa picha kubwa ya ng'ombe. Alikuwa mwekundu wa kuiva, kama tofali lililotoka tanurini, na baka jeupe kwenye paji la uso. Wateja waliosubiri picha za pasipoti walimtazama yeye, maana hapakuwa na kingine cha kutazama. Masele akiulizwa ni wa nani, alijibu bila kugeuka kutoka kwenye kompyuta.

"Wangu. Yuko Kasoli kwa Bujiku."

Bujiku alikuwa rafiki yake wa kuchunga pamoja tangu wote wawili walipoacha shule darasa la tano. Masele alikuja mjini kushika kamera, Bujiku akabaki na zizi. Na kwetu mtu wa mjini asiye na zizi humwekesha ng'ombe wake kwa mtu wa kijijini. Mtunzaji anakunywa maziwa, mwenye mali anabaki na ng'ombe na ndama, na kati yao hakuna karatasi. Kuna neno tu. Zizini kwa Bujiku walikuwa ng'ombe kumi na watano, na kumi na mmoja kati yao walikuwa wa watu. Ndivyo alivyoaminika.

Masele alimnunua huyo ng'ombe mnadani akiwa mtamba, miaka mitatu nyuma, akampiga picha katikati ya vumbi na kumkabidhi Bujiku siku hiyo hiyo. Tangu hapo alimwona mara mbili, zote mbili jioni, kwa haraka, pikipiki ikimsubiri. Picha aliiona kila siku.

Mwaka huu mwanawe Constantine alipata mchumba wa Mwamanyili. Kwenye maongezi ya mahari Masele alijisifu mbele ya wakwe kwamba ng'ombe wa kwanza kuingia kwao atakuwa mwekundu, na akawaonyesha picha kwenye simu. Mvua zilipokata akaenda Kasoli kumchukua.

Bujiku alimtoa zizini ng'ombe mwenye rangi ya chai iliyozidi maziwa. Masele akacheka.

"Ngosha, acha utani. Nitolee wangu."

"Huyu ndiye wako."

"Wangu mwekundu."

"Wako hajawahi kuwa mwekundu. Baka lake hili hapa, tazama."

"Wenye baka Kasoli nzima wapo wangapi?" Masele alichungulia zizini, na macho yakamtua kwenye ng'ombe mwekundu aliyekuwa akinyonyesha, naye ana baka. "Yule pale. Yule ndiye wangu."

Bujiku alimgeukia rafiki yake. "Yule amezaliwa humu ndani. Mama yake alikufa mwaka juzi. Masele, wewe unaumwa?"

Jumapili iliyofuata wazee walikaa uani kwa Bujiku. Masele alikuja na picha yenyewe, ameing'oa ukutani na kuifunga kwa kanga ya mkewe. Ilipita mkono kwa mkono. Mzee mmoja alisema baka la pichani liko juu zaidi, la yule mwekundu limeshuka hadi karibu na pua. Masele akajibu kwamba miaka mitatu ng'ombe anakua, na baka linakua naye. Mzee Ndaki, aliyeongoza kikao, akarudi kwenye rangi.

"Mashine yako haiwezi kukosea?"

Masele alisimama. Hakulazimika kusimama, lakini alisimama. "Mzee, mimi nimefanya kazi ya rangi miaka kumi na minane. Mashine haina undugu na mtu. Inatoa ilichokiona."

"Na wewe, Bujiku?"

"Mimi sina picha," alisema Bujiku. "Nina neno langu."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Basi, shauri likaisha kwa kile kicheko. Masele aliondoka na yule mwekundu pamoja na ndama wake, akawaweka kwa shemeji yake nje kidogo ya mji wakisubiri siku ya mahari. Ndani ya wiki mbili watu wote walioweka ng'ombe kwa Bujiku walikuwa wamewaondoa. Wengine hawakumsalimia hata walipofungua zizi lake.

Na Masele akaisimulia. Kila aliyekaa kwenye kiti cha wateja chini ya ile picha aliipata habari yote, kuanzia mnadani hadi kicheko cha kikaoni. "Tumekua pamoja," alimalizia kila mara, "halafu ananibadilishia ng'ombe."

*

Nasrin aliuza vitambaa duka lililotazamana na studio ya Masele. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini hayo machache yalikuwa na pilipili. Asubuhi moja aliingia na gora la kitambaa kwapani na karatasi mkononi. Mwezi uliopita alimpa Masele vipande vya vitambaa, Masele akaviweka kwenye skana na kumchapia karatasi ya kuwapelekea kamati za harusi huko Nyashimo.

"Kaka Masele, kitambaa hiki rangi gani?"

"Chai ya maziwa."

"Na hapa kwenye karatasi yako?"

Masele aliangalia. Akaigeuza karatasi, akaigeuza tena.

"Sema tu, hatuko mahakamani. Ni chungwa. Kamati imechagua chungwa, nimewapelekea chai ya maziwa, wamenirudishia magora manne na matusi juu." Akakaa kwenye kiti. "Ndiyo maana mume wangu kwenye pasipoti anaonekana kama ametoka kupigana. Wewe nyekundu unaitia kama chumvi."

"Watu wanapenda waonekane wana damu."

"Kitambaa hakina damu."

Masele akawasha skana, akalaza kipande cha kitambaa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akaviweka vitatu pamoja: kitambaa chenyewe, kioo cha kompyuta, na karatasi iliyotoka kwenye printa. Vilikuwa vitu vitatu tofauti. Kwenye kioo kitambaa kilikuwa na ubuluu, kama kimefuliwa na sabuni nyingi. Kwenye karatasi kilikuwa chungwa.

Akaanza kumweleza Nasrin. Kile kioo kilikuwa kikuukuu, kiliegemea kwenye buluu. Sura za watu zilionekana juu yake kama za wagonjwa, basi yeye alizoea kuongeza nyekundu mpaka mtu afufuke. Hiyo ilikuwa nyekundu ya kwanza. Ya pili ilikuwa ndani ya printa. Zamani alinunua wino wa bei rahisi uliotoa picha za kijani, akaiamuru printa iongeze nyekundu kwenye kila kitu. Wino ule uliisha, akanunua mwingine mzuri, ile amri hakuiondoa. Alisahau kwamba ipo.

"Kwa hiyo nyekundu mbili," alisema Nasrin.

"Mbili. Moja juu ya nyingine."

Macho yake yalikuwa yamekwenda ukutani bila kuombwa. Nasrin akayafuata.

"Na huyo ng'ombe?"

"Huyo ni habari nyingine," alisema Masele, haraka mno.

Alifunga studio saa sita mchana, akaenda nyumbani na kumwomba mkewe Felisita albamu. Wakati wa kumnunua yule ng'ombe printa yake ilikuwa imeharibika, na picha za mnadani alizituma zikasafishwe Mwanza. Zilirudi ndogo ndogo. Kadi ya kamera ilipopotea, aliichukua hiyo ndogo, akaipitisha kwenye skana na kuikuza. Kisha ile ndogo akaitupia kwenye albamu na kuisahau.

Felisita aliitoa bila kutafuta. "Nilikwambia siku ile unaing'oa ukutani. Nikasema ya kwenye albamu si nyekundu hivyo. Ukaniambia rangi nikuachie wewe."

Ng'ombe wa pichani alikuwa na rangi ya chai iliyozidi maziwa.

Alirudi studio. Aliiondoa ile amri kwenye printa. Kwenye kioo hakuongeza nyekundu yoyote. Alichapa kwanza kitambaa cha Nasrin, akakilaza juu ya karatasi, na safari hii jicho halikuona mpaka uko wapi. Ndipo akaiweka kwenye skana ile picha ndogo ya ng'ombe. Ilitoka polepole, pua kwanza, halafu baka, liko juu kama alivyosema yule mzee, halafu shingo. Alikuwa na muda wa kuisimamisha. Hakuisimamisha. Mgongo ulipotoka alikuwa amekaa chini sakafuni, mtu wa miaka arobaini na tisa, Msukuma, asiyejua rangi ya ng'ombe wake mwenyewe.

*

Angekwenda kesho yake, hadithi hii ingekuwa fupi. Hakwenda. Ile picha mpya aliiviringisha akaisukuma nyuma ya maboksi ya karatasi. Ile nyekundu aliiacha ukutani, kwa sababu akiiondoa ataulizwa. Pikipiki ikisimama na mtu akasikika akisema ametoka Kasoli, Masele alikumbuka kazi ya chumba cha nyuma. Wateja wakimwambia, "Tusimulie ile ya yule mwizi wako," alisema ana kazi nyingi. Chakula kilimshinda. Felisita alikuwa akimpakulia na kumwondolea sahani ikiwa bado imejaa.

Siku kumi na tisa zilipita hivyo. Siku ya ishirini aliingia Kwandu, mke wa Bujiku.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka," aliitika Masele, akajikuta amesimama.

"Nataka pasipoti. Kikundi chetu cha akina mama kinataka picha."

Alikaa kwenye kile kiti, chini kabisa ya ng'ombe mwekundu. Hakumtazama ng'ombe. Alitazama mbele. Masele alishika kamera.

"Bujiku hajambo?"

"Yupo. Anavuna pamba ya watu."

Bujiku hakuwahi kuvuna pamba ya mtu mwingine maisha yake yote. Masele aliinama juu ya kompyuta.

"Shemeji," alisema Kwandu, "usiniongezee weupe wala nini. Nitoe nilivyo. Mwenzetu mmoja alikataliwa, wakasema picha si yeye."

Masele alimtoa alivyo. Picha nne ndogo zikalala kwenye trei: mwanamke mweusi, mashavu yameingia, jivu la uchovu chini ya macho. Hapakuwa na tone la nyekundu la kumfichia. Kwandu alizitazama, akaridhika, akauliza bei. Masele alisema hakuna bei. Kwandu aliweka pesa mezani akaondoka.

Jumapili ile Masele alimfungua ng'ombe mwekundu na ndama wake kwa shemeji yake alfajiri, akawaswaga kwa miguu hadi Kasoli, picha zote mbili zimeviringishwa mgongoni. Alikuwa amempigia simu Mzee Ndaki na kumwomba kikao kile kile, na watu wale wale. Walikuwepo wote. Yule aliyecheka pia alikuwepo. Bujiku alikaa pembeni, viganja vimechanika kwa makapi ya pamba.

Masele alizitandaza picha chini, akaweka mawe pembeni zisipeperuke.

"Hii kubwa nilichapa mimi," alisema. "Hii nyingine pia nilichapa mimi. Ni picha moja. Nyekundu niliitia mwenyewe, mara mbili. Mara moja nikijua, mara moja nikiwa nimesahau. Nilisema hapa mashine inatoa ilichokiona. Si kweli. Ilitoa nilichoiambia. Ng'ombe wangu ni yule wa rangi ya chai. Bujiku hakuniibia."

Wazee waliinama kutazama. Yule mzee wa baka aligusa paji la ng'ombe wa pichani kwa fimbo, akatikisa kichwa.

"Umejua lini?" aliuliza Ndaki.

Masele alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo.

"Siku ishirini na tatu," alisema.

Hapo watu wakaguna, na ule mguno ulimwingia kuliko kicheko. Kukosea waliweza kumsamehe. Lakini kila mmoja alikuwa akihesabu siku hizo kichwani, na wapi alikuwa Bujiku kila siku.

Bujiku aliinuka. Hakuzitazama picha. Alipita juu yake, akamshika ng'ombe wake mwekundu pembe, akampapasa shingo kama mtu anayemwangalia mtoto aliyerudi safari. Halafu akaingia zizini, akamtoa yule wa rangi ya chai na kumpa Masele kamba.

"Ningemwacha kwako," alisema Masele. "Kama zamani. Watu waone."

"Wangu hawa wananitosha."

"Bujiku, nisamehe."

"Nilikuambia kwa mdomo wangu, hapa hapa, ukaamini karatasi. Leo umeleta karatasi nyingine ndiyo unaniamini. Huko mjini ulimwambia nani kwamba mimi ni mwizi?"

Masele alifikiria kile kiti. "Kila mtu."

"Basi kamwambie kila mtu. Siku habari hiyo ikinifikia hapa kutoka kwa mtu nisiyemjua, nitajua umemaliza. Usije kabla."

Alirudi na ng'ombe wake kwa miguu. Njia nzima alimtazama ubavu, jua likimpiga, na hakuna mahali jua lilipomfanya mwekundu. Alimpitisha katikati ya mji, mbele ya stendi, watu wakitabasamu. Nasrin alikuwa mlangoni kwake.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye."

"Wakwe zako wa Mwamanyili wanajua?"

"Kesho nakwenda."

Alimfunga kwenye nguzo ya kibaraza cha studio. Ndani alikuta mzee mmoja amekaa kwenye kiti, asiyemfahamu, anataka pasipoti. Mzee alikuwa akiitazama nafasi tupu ukutani, pale rangi ya zamani ilipobaki safi kama mlango.

"Hapa palikuwa na picha gani?" aliuliza.

Masele aliweka kamera mezani. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya yule mzee, uso kwa uso.

"Ya ng'ombe," alisema. "Kuna mtu Kasoli anaitwa Bujiku. Ngoja nikusimulie nilichomfanyia."