Paa la Watu Wawili

Paa lile la chuma lilikuwa kazi ya watu wawili, na tangu wainunue ile Benzi kuukuu kwa fundi mmoja wa Huadu, watu hao walikuwa Patrice na mkewe. Yeye upande wa kulia, Hadassa wa kushoto. Baridi ya Guangzhou ilipokwisha walishuka uani nyuma ya jengo lao la Xiaobei, mtaa wa Waafrika, wakafungua vifungo vya juu ya kioo cha mbele na vile vya nyuma ya viti, wakachomoa waya wa kioo cha nyuma, kisha Hadassa akahesabu moja, mbili, na kabla ya tatu alikuwa keshanyanyua. Kila mwaka Patrice alilalamika, kila mwaka Hadassa alicheka. Turubai la kukunja lilikwishaoza zamani wakalitupa, kwa hiyo paa likitoka hapakuwa na kitu kati yao na mbingu.

Mwaka huo wa 2007 Aprili iliingia paa likiwa bado mahali pake, maana Hadassa hakuwa tena na mikono ya kunyanyua hata sufuria. Ilikuwa saratani ya titi. Madaktari walishasema la kusema, na sasa alikuwa anarudi Bukavu kwa mama yake na kwa Kethia, binti yao. Hakuna aliyemdanganya mwenzake kwamba ni likizo.

Alitaka mambo mawili tu. La kwanza, asionekane. Tangu nywele zimtoke alijifungia ghorofani, na Patrice akatangaza kanisani kwamba mkewe yuko Yiwu kufuata mizigo. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuishi Xiaobei, ambako mwanamke akikonda tu ugonjwa wake unapewa jina kabla daktari hajavaa miwani. Hadassa alitaka wamkumbuke kama yule mama aliyewatoa jasho malaoban wa Shahe, matajiri wa maduka ya nguo, mpaka wakampa bei yake ili aondoke tu. La pili alilisema asubuhi ya safari, akinywa chai kwa kijiko.

"Papa Kethia, ile paa uitoshe. Niende na upepo."

Patrice akakubali kuliondoa. Angekubali hata angeambiwa auhamishe mlima Baiyun.

Akashuka peke yake. Vifungo vilifunguka bila matata. Akaingia ndani, akainama, akaliwekea paa mgongo na kusukuma, lakini mpira wa pembeni ulikuwa umegandana na bodi kwa unyevu wa miezi. Mbele likapanda kidogo, nyuma likagoma. Alipozunguka nyuma, mbele likashuka. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Patrice alikuwa kidole kimoja, kimelowa jasho, na ndege haimsubiri mtu.

Hapo akamkumbuka Jaffari, mwanafunzi kutoka Tanga aliyepanga chumba cha chini. Jaffari alikuwa Mwislamu, hakujua kanisa lao wala kwaya yao, na hajawahi kumwona Hadassa. Patrice akaona hapo siri haina pa kuvujia. Alimwambia tu kwamba anampeleka mgonjwa uwanja wa ndege na paa linamshinda. Jaffari akatoka na kandambili zake, akajaribu upande wa kushoto, akaachia.

"Kaka Patrice, hili limeganda. Tutavunja kioo bure. Nisubiri kidogo."

Patrice alidhani amefuata bisibisi. Jaffari alirudi na watu, na nani atamlaumu? Kwao mtu akisema ana mgonjwa, majirani hawaulizi, wanakuja. Alikuwa amepita mgahawa wa Wakongo pale kona, na waliokuwa mezani wakauacha ugali wao: Cyrille, mwalimu wa kwaya, na Françoise, mfanyabiashara wa mikoba itokayo mji wa Shiling, ambaye hakuna aliyemwita lakini hajawahi kukosa mahali penye jambo.

"Mgonjwa ni nani?" Cyrille akauliza.

Patrice akatafuta uongo mwingine, akakuta ghala tupu. "Tunyanyue kwanza," akasema.

Wakanyanyua. Mpira ukabanduka kwa sauti mbaya, paa likatoka, wakalitembeza polepole mpaka ukutani na kuliegemeza juu ya maboksi. Jaffari akapakia sanduku la Hadassa, lenye nguo alizomnunulia Kethia, nyuma ya viti, kwa kuwa halikuenea kwenye buti. Patrice akalitazama gari lililo wazi na, mjinga yule, akafurahi.

Ndipo mlango wa lifti ukafunguka. Hadassa alitoka akishika ukuta, kilemba cha kitenge kichwani, miwani myeusi, na koti lililomning'inia kana kwamba aliliazima kwa mtu mzima.

"Hadassa?" Françoise akasema. "Si ulikuwa Yiwu?" Kisha akaangua kilio, kile cha msibani, mbele ya mtu aliye hai.

Hadassa alimtazama mumewe. "Uliita batu bakuje kuniangalia?"

"Mama Kethia, paa ilikataa. Peke yangu sikuweza."

"Ungeiacha."

Akapita katikati yao hadi barabarani, akasimamisha teksi na kumwambia dereva "Jichang", uwanja wa ndege. Patrice alipofika mlango ulikuwa umefungwa. "Uniache kwanza," Hadassa akasema nyuma ya kioo, na teksi ikaondoka.

Patrice akaifuata na Benzi, kiti cha pembeni kitupu. Kabla hawajaiacha mitaa mvua ikaanza, ile ya Aprili isiyo na haraka. Hakuwa na cha kujifunika. Njia nzima alikitazama kilemba katika kioo cha nyuma cha teksi, akingoja kigeuke, na hakikugeuka. Alilia, na hilo halikuwa na shida, kwa mvua ile nani angejua.

Katika ukumbi wa uwanja wa ndege wa Baiyun foleni ilijaa wafanyabiashara na marobota yao, nusu yao wa kanisani. Patrice alimfikishia Hadassa sanduku kwa toroli, likichuruzika maji.

"Unisamehe," akasema. "Nguo za Kethia zimelowa."

Hadassa akavua miwani. Akamtazama mumewe alivyolowa, kisha akafungua kilemba chake na kukivua, pale pale chini ya mataa, kichwa chake kikiwa hakina hata unywele mmoja. Akamfuta Patrice paji la uso, macho, shingo na nyuma ya masikio, bila haraka. Foleni nzima ikageuka kumtazama.

"Tulikuwa na saa moja tu ya kukaa pamoja," akamwambia. "Tumeimaliza kila mtu na gari yake, kwa sababu ya macho ya batu."

Hadassa akamwekea kilemba mkononi, akashika toroli, akaisukuma kuelekea foleni. Watu wakampisha.